Kisu cha Nne cha Mwidani

Mwidani wa Likoni alikuwa fundi wa kutengeneza kila kitu isipokuwa mambo yake mwenyewe. Ukimpelekea jiko la mafuta ya taa lililogoma, alilipuliza, akalisemesha kidogo, likawaka. Kandili zilizong'oka vishikio, miavuli iliyopinduka ikatoa matumbo nje, kufuli zilizopotelewa na funguo, vyote vilipita kwenye kibanda chake kando ya njia iteremkayo feri, na vyote vilitoka vizima. Lakini mwenyewe, tangu alipoachana kwa wema na mkewe, mke akarudi kwao Vanga akaolewa na kuzaa, alibaki anakula wali wa kununua na kujishonea vifungo. Watu walimpenda na kumcheka kwa kipimo kimoja.

Mambo yalianza kubadilika mwanzoni mwa mwaka ule ambao kila mtu alikuwa na neno uhuru mdomoni. Dhahabu binti Hamisi, mjane aliyekuwa akiishi na mama yake nyuma ya msikiti, alileta kandili itiwe kishikio. Dhahabu alikuwa msusi wa mikeka, na si msusi wa kubahatisha. Mikeka yake ilivuka maji ikatandikwa Mvita kwenye nyumba za watu wasiokalia kitu cha hivi hivi. Alipokuwa akingoja kandili alitoa miyaa yake, yale majani ya kusukia, kwenye kikapu akaanza kuichana, maana mikono yake haikujua kukaa bure, na alikuwa akiichana kwa kisu cha jikoni alichokizungushia kitambaa. Kisu kikamteleza, kikamla kidole.

Mwidani alimfunga kidole kwa kipande cha kikoi, na mdomo wake, ambao siku zote ulikuwa mzito mbele ya wanawake, ukasema wenyewe kwamba atamtengenezea kisu cha kukunja, kizuri, cha kutia mfukoni. Dhahabu alimtazama kidogo, akasema ataona.

Kisu cha kwanza kilikuwa na bapa la msumeno wa chuma uliovunjika. Misumeno hiyo alikuwa akiletewa na rafiki yake Gershom, Mrabai wa kanisani aliyefanya kazi kwenye karakana ya reli huko Changamwe, ambako misumeno ikivunjika hutupwa. Chuma kilikuwa kizuri, makali yalinyoa nywele za mkono. Ubaya ni kwamba ribiti, ule msumari wa kuunganisha bapa na mpini, ilibanwa mno, na kisu hakikufunguka ila kwa meno. Dhahabu alikijaribu, akakirudisha kibandani siku ya pili, akasema meno yake bado anayahitaji.

Kisu cha pili kilifunguka kwa kidole kimoja. Mwidani alikitia mfukoni mwa shati akatembea nacho siku nzima, akakipeleka kwa kiburi. Hakukumbuka, na mwanamume gani angekumbuka, kwamba mwanamke hana mfuko. Mfuko wake ni pindo la leso. Dhahabu alikifunga pindoni akapanda feri, na kabla ya kufika ng'ambo kisu kilikuwa kimejifungua chenyewe, kimetoboa leso mpya na kuanza kuchungulia watu. Alikuja kibandani na kisu mkono mmoja na leso mkono wa pili. Alilitia kidole lile tundu, akakichezesha, akaenda zake, na Mwidani aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Kwa kisu cha tatu alitumia ubavu wa mwavuli kuwa springi, na kikakaa kimya pindoni kama mtoto aliyeshiba. Lakini mpini aliufanya wa bati, na msusi kazi yake ni maji na miyaa. Bati likala kutu, kutu ikahamia kwenye mkeka mweupe ulioagizwa kwa ajili ya harusi. Safari hii Dhahabu hakuja. Alimwita nyumbani akauone mkeka.

Basi ndivyo Mwidani alivyoanza kwenda nyumba ile ya nyuma ya msikiti. Alikwenda kuona kutu. Akarudi kupima ukubwa wa kiganja. Akarudi tena kuuliza kama mpini uwe wa mti au wa pembe. Kila alipokwenda alimkuta mama mtu, Bi Mwanasaumu, amekaa kwenye kigoda mlangoni na macho yamefumba, na kila mara alitoa shikamoo yake, akajibiwa marahaba na yule aliyedhaniwa amelala. Aliwekewa chai ya tangawizi na kitumbua. Dhahabu alimweleza ila za kisu, kasoro zake moja moja, huku vidole vyake vikisuka ukili bila kutazamwa, na Mwidani alisikiliza ila zile kama mtu asikilizaye sifa zake. Alikuwa na furaha asiyokuwa nayo tangu ujana. Njiani alikuwa akipiga mluzi, na mtu mzima wa Likoni hapigi mluzi njiani bila watu kuulizana.

Kisu cha nne alikifanya polepole. Mpini wa mpingo, ribiti ya shaba, kila kilichoweza kugusa maji kikiwa cha shaba au cha mti, na bapa lenye kishimo kidogo cha kuingiza ukucha. Na kwa kuwa alikwisha kujifunza, aliazima leso ya dada yake, akajifunga, akakitia kisu fundo pindoni, akaanza kuzunguka uani. Akainama kama mtu atekaye maji. Akachuchumaa. Kisha, ili apate uhakika, akaanza kurukaruka.

Ndipo alipotokea Gershom na fungu la misumeno kwapani. Alisimama akamtazama rafiki yake akiruka ndani ya leso ya maua mekundu, akaweka mzigo chini, akacheka mpaka akajishikiza kwenye mwembe. Alipopata pumzi aliomba akione hicho kilichomfikisha mtu mzima pale. Alikifungua, akakifunga, akakijaribu kwenye kamba, kwenye ganda la nazi, kwenye ukucha wake. Kicheko kikamwisha polepole.

"Bwana, hiki kimekamilika," Gershom alisema. "Sasa kikikosa kasoro, utarudi kule kufanya nini?"

Gershom alipoondoka Mwidani alibaki amekaa na kisu mapajani, na kwa mara ya kwanza alijiambia ukweli wote. Alimtaka Dhahabu. Alitaka kumuoa, kusikia ila zake asubuhi na jioni mpaka mwisho wa umri wake. Lakini kuposa hakuthubutu, kwa sababu posa ikikataliwa Likoni hata paka hupata habari, na baada ya hapo asingeweza kupita tena nyuma ya msikiti, hata kwa chai. Kisu ndicho kilichokuwa njia yake ya pekee, na leo ameimaliza njia kwa mikono yake mwenyewe.

Akachukua tupa. Kuilegeza springi kidogo tu kungetosha. Ila ndogo, ya kurudishwa, ya kumpa mwezi mwingine wa vitumbua. Aliiweka tupa juu ya springi, na hapo akaikumbuka ile leso mpya na tundu lake, na kidole kilichokuwa kikichezacheza ndani yake. Akairudisha tupa mahali pake. Afadhali kukosa mke kuliko kumtobolea leso ya pili, alijiambia, na akajiona mjinga wa mwisho.

Alikwenda baada ya sala ya adhuhuri. Dhahabu alikipokea kisu, akaingia ndani, akatoka na vile vitatu vya zamani. Kumbe vile alivyovirudisha alikuwa amevifuata tena kibandani kwa kisingizio cha kukatia kamba, na Mwidani hakuwahi kuuliza viliishia wapi. Alivipanga kwenye mkeka kwa zamu yake, cha kwanza mpaka cha nne, akakunja mikono ya kanzu yake.

Alianza na miyaa mikavu. Vyote vinne vilichana, ingawa cha kwanza kilifunguliwa kwa meno ya Mwidani, maana aliyekitengeneza ndiye aliyetakiwa kuyatoa. Kisha akavifunga pindoni kimoja kimoja, akaenda kisimani na ndoo na kurudi. Kisu cha pili kilijifungua kabla hajafika, kama kilivyojua, na Dhahabu akacheka kicheko cha wazi kilichomfanya Mwidani atazame chini. Cha tatu na cha nne vilikaa. Ndipo akalowesha miyaa myeupe, akavizungushia hivyo viwili, akaviacha juani, akaketi kusuka. Walingoja mpaka alasiri ikaadhiniwa. Mwidani alikwenda msikitini akasali, na Mungu peke yake ndiye ajuaye alichoomba, kwa sababu mwenyewe hakujua aombe kisu kipate kutu au kisipate.

Aliporudi, miyaa ya kisu cha tatu ilikuwa na doa la rangi ya chai. Ya kisu cha nne ilikuwa nyeupe vile vile. Dhahabu aliigeuza huku na huku, akaisogeza karibu na macho, akainusa. Akamkatia mama yake popoo, vipande vyembamba, na Bi Mwanasaumu akatafuna na macho yamefumba, akasema kimekata vizuri. Hakukuwa na jaribio lililobaki.

"Hakina ila," Dhahabu alisema.

Neno hilo Mwidani alikuwa amelingoja tangu mwaka uanze, na sasa lilipokuja lilimwingia na furaha na msiba pamoja. Alishukuru. Alisema kikichoka makali amletee. Alisema chai ilikuwa nzuri, ingawa siku hiyo hakuwa ameinywa, akainuka na kutafuta viatu vyake, na kiatu kimoja kikawa hakionekani ingawa kilikuwa mguuni.

"Fundi, hebu ngoja," Dhahabu alisema. "Ila moja iko."

Mwidani aliketi upesi hata akakalia ukili. Alimwomba amwonyeshe, akaahidi kwamba wallahi kesho asubuhi itakuwa imeondoka. Dhahabu alikikunja kisu, akakiweka mkononi mwa Mwidani, na haikuwa kawaida yake kukirudisha kisu kizuri.

"Wewe huwezi kuiondoa," alisema. "Kisu hichi umekileta wewe, peke yako, kama mtu aletaye kandili ya watu. Kitu kama hichi huletwa na wazee."

Akajifunika uso kwa leso, ile ile yenye tundu, akaingia jikoni, na vyungu vikaanza kugongana humo bila sababu. Mwidani alibaki amekaa. Maneno alikuwa ameyasikia, lakini yalikuwa bado yanazunguka nje yakitafuta mlango. Mlangoni kwenye kigoda, Bi Mwanasaumu alifumbua jicho moja.

"Umesikia, mwanangu," alisema, "au na masikio yanataka kutiwa mafuta?"

Mwidani hakukumbuka alivyofika Shika Adabu, shambani kwa ami yake Mwinyihaji. Alimkuta mzee anapalilia mihogo, akamweleza kwa pumzi moja, na mzee, aliyekwisha kukata tamaa na mtoto huyu wa nduguye, akamfanya arudie habari yote tangu mwanzo, na akaitaka tena sehemu ya kurukaruka na leso. Kisha akataka kujua jambo moja tu, kama binti alisema mzee au wazee. Mwidani aliapa kwamba alisema wazee. Mwinyihaji akaweka jembe chini, akasema basi ni wazee watakaokwenda, inshallah, na yeye Mwidani asionekane karibu na nyumba ile hata kwa bahati mbaya.

Ijumaa baada ya sala, wazee walikwenda na kanzu zao nyeupe. Walichukua sinia ya tambuu na popoo, na juu yake kisu, kimefungwa ndani ya doti mpya ya leso ambayo Mwidani alikwenda kuichagua Mvita na kuirudisha dukani na kuichagua upya mpaka mwenye duka akachoka naye. Watu wote wa Likoni wanajua desturi: posa ikikataliwa, vitu hurudi mkononi mwa wazee, kwa adabu, bila maneno. Zikirudi kanzu mikono mitupu, jibu ni ndiyo.

Mwidani alikaa kibandani na Gershom, aliyekuwa amevuka maji makusudi. Mwidani alikuwa akipiga tupa msumari. Gershom alizungumza habari za bendera mpya itakavyokuwa, na rangi zake, na jinsi mwaka utakavyokwisha kwa ngoma nchi nzima. Mwidani aliitikia naam, naam, na msumari ukawa unapungua. Ulipokwisha kabisa akachukua mwingine.

Hatimaye kanzu zilionekana zikitoka kwenye kona ya msikiti, zinatembea taratibu, kwa mwendo wa watu wanaojua kwamba wanangojwa. Mwidani hakutazama nyuso. Alitazama mikono. Mikono ya ami yake ilikuwa nyuma ya mgongo, na tupa ya Mwidani ikasimama juu ya msumari, mpaka Mwinyihaji alipofika mbele ya kibanda na kuvifungua mbele yake viganja vyote viwili, vitupu.

"Kisu je?" Mwidani aliuliza, maana hilo ndilo alilolipata mdomoni.

Mwinyihaji alijikalia kwenye benchi bila haraka. Alieleza kwamba kisu kimebaki, na doti imebaki, na sinia itafuatwa siku nyingine. Alieleza jinsi alivyotoa hotuba yake yote ya posa, aliyoiandaa usiku kucha, yenye salamu na nasaba na heshima za pande zote mbili, na jinsi Bi Mwanasaumu alivyomsikiliza mpaka mwisho na macho yamefumba. Alipomaliza, bibi alifungua ile doti, akakitazama kisu, akamjibu.

"Alisema, tumewangoja tangu kile cha kwanza," Mwinyihaji alisema. "Akasema mngekuja mapema, leso ya mwanangu isingechanika."