Mlima Usio na Saa

Katika kiwanda cha gundi ya mbao, mtu anayeitwa Baridi si lazima awe mpole. Huyu alipewa jina hilo kwa sababu ya kazi. Alikuwa amesimama miaka mingi kando ya birika kubwa la chuma ambalo wafanyakazi waliliita Chungu, mkono mmoja ukiwa juu ya bomba la maji ya kupozea. Kila joto lilipokaribia mahali pasipotakiwa alisema "baridi," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, kisha akafungua bomba. Alikuwa na tumbo la wastani, nywele zilizoanza kulihama paji la uso, na imani thabiti kwamba jambo asilolijua kuhusu Chungu ni lile ambalo bado halijatokea.

Ndani ya Chungu zilichanganywa malighafi za gundi, zikapashwa joto, kisha zikatiwa tindikali kidogo ya kuzichochea. Kuanzia hapo mchanganyiko ulijipasha wenyewe bila kuombwa. Tindikali ikizidi, joto lilipanda kama linafukuzwa, na gundi ikaganda humo humo, ikawa jiwe lenye umbo la birika. Jambo hilo liliwahi kutokea. Watu waliingia ndani kwa zamu na nyundo na patasi, na waliotoka walikuwa wameacha kabisa kuisifia gundi ya kiwanda chao kwa kushika.

Ukutani palikuwa na mashine iliyoshika kalamu. Karatasi ilipita taratibu chini ya kalamu hiyo, nayo ikachora joto la Chungu tangu asubuhi: mstari ulianza chini, ukapanda, ukafika kileleni, ukateremka. Karatasi za siku njema na za siku mbaya zilibandikwa pamoja, na Baridi alizisoma kama watu wanavyosoma uso wa mama mkwe, akitafuta dalili. Kila aliyeingia kufanya kazi katika chumba kile alifundishwa naye kuzisoma, na kila aliyefundishwa aliamini kwamba hakuna mstari wa namna hiyo duniani wenye maana nyingine.

Msimamizi wa chumba alipostaafu ili akafuge kuku, ambao walianza kufa mara moja, waliosogea kukitaka cheo walikuwa wawili. Mmoja ni Baridi. Wa pili ni mdogo wa mkewe, ambaye Baridi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kiwandani, akamwonyesha bomba lipi hufunguliwa lini, na hata kumwazima suti aliyoolea. Mkubwa mmoja wa ofisini aliamua kwamba wote wawili wahojiwe na mkemia wa kiwanda, na atakayeshindwa aendelee na kazi chini ya mwenzake. Hapo ndipo palipouma. Baridi aliweza kuvumilia mambo mengi, lakini kumwambia "sawa bosi" mtu ambaye bado hajarudisha suti, hilo alilitazama kwa mbali na hakuona atalikaribiaje.

Mkewe, fundi cherehani, hakuwa na wasiwasi. Alisema kwamba yeye alishashinda siku nyingi: mume au ndugu, cheo hakitoki kwenye ukoo.

Mkemia, mwanamke makini ambaye chumba kizima kilimwita Madamu, aliwapa kila mmoja kurasa chache zilizotolewa nakala kitabuni, akasema maswali yatatoka humo. Baridi alizifungua akatabasamu. Mstari ulianza chini, ukapanda, ukafika kileleni, ukateremka. Hakusoma maelezo, kwa kuwa mtu hasomi maelezo chini ya picha ya mtoto wake. Pembeni paliandikwa nishati. Yeye akasoma joto. Chini paliandikwa maendeleo ya mmenyuko. Yeye akasoma saa. Kwamba mstari uliishia chini ya pale ulipoanzia, aliona ni ajabu kidogo, akalaumu mchoraji.

Ukurasa wa pili ndio uliomkunja uso. Ulikuwa na vilima viwili, kirefu na kifupi, na kile kifupi kiliandikwa kuwa ndicho chenye kichocheo. Kichocheo ni tindikali, na yeyote aliyewahi kushika nyundo ndani ya Chungu anajua kwamba ukiongeza tindikali kilele hupanda. Hakishuki. Kwa hiyo kitabu kilikosea. Wakati wa chai alimwambia shemeji yake, kwa moyo safi, kwamba wapiga chapa wamebadilisha majina ya mistari. Shemeji, ambaye alikuwa ameshakariri ukurasa ulivyo, alimshukuru, akachomoa kalamu akausahihisha.

Nyumbani Baridi aliisimulia habari hiyo kama mzaha. Binti yake, aliyekuwa sekondari na mwenye kitabu kama kile, hakucheka.

"Baba, chini hapa si saa."

"Ni nini?"

"Ni safari. Vitu vimebadilika kufikia wapi."

"Safari isiyo na saa ni ya nani hiyo?"

Binti alieleza kwamba ule haukuwa mstari wa joto. Ulionyesha nishati ambayo vitu vinavyobadilika vimeibeba: ile viliyoanza nayo, ile vinayopaswa kufika nayo juu kabisa ili viweze kubadilika, na ile vinayobaki nayo mwisho. Kilichopungua kati ya mwanzo na mwisho ndicho kinachotoka nje kama joto. Akasema achukulie mlima, na kichocheo kiwe njia ya mkato kupitia bonde. Baridi alimjibu kwamba yeye hajawahi kupanda mlima, na kwamba heri asiyejua tofauti ya joto na nishati lakini yuko karibu na Chungu, kuliko aliye karibu na kitabu. Maongezi yakaishia hapo, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Jumamosi ilirudi cherehani ya mkewe kutoka kwa fundi, ile kubwa ya miguu ya chuma. Ilipaswa kuingizwa katika chumba cha kushonea kupitia mlango wa uani, na mlango huo ulikuwa na kasoro ambayo familia nzima iliizoea: ardhi ya uani ilikuwa juu kuliko sakafu ya chumba, na katikati palijengwa kizingiti kirefu cha saruji ili maji ya mvua yasiingie. Mtu aliyebeba kitu alikipandisha kwanza, kisha akakiteremsha chini zaidi ya alikokitoa. Shemeji aliitwa kusaidia. Wanaume hao wawili waliifikisha mashine kwenye kizingiti, wakaitua, wakaanza kubishana nani aliyekuwa hanyanyui. Wakapumzika. Wakaomba maji. Wakapumzika tena.

Mke wa Baridi alikuwa amesimama ndani, mikono kiunoni.

"Mnakaa hapo kana kwamba kizingiti kitafupika mkikisubiri," alisema.

Shemeji alicheka, wakanyanyua, mashine ikavuka na kutua ndani kwa kishindo kilichofanya mkasi uanguke kutoka mezani. Kisha shemeji akaenda zake. Baridi hakutoka mlangoni. Mkewe alidhani ameumia kiuno, akamuuliza, naye akajibu kwamba kiuno ni kizima. Alikuwa akitazama saruji. Baadaye akamwita binti, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hataki kuonekana anakitaka.

"Tuseme uani ndiko kwenye malighafi."

"Tuseme."

"Na humu ndani ndimo kwenye gundi. Humu ni chini, kwa hiyo kitu kikiingia kinaacha joto."

"Ndiyo, Baba."

"Na kichocheo kinafanya nini? Kinachonga kizingiti?"

"Kinachonga kizingiti."

"Uani pale hakipagusi. Sakafu hii hakiigusi."

"Hakiigusi."

Kwa hiyo kuteremka ni kulekule, alisema Baridi, na mtu akipumzika au asipumzike, akivuka leo au mwaka ujao, kizingiti hakina habari naye. Lililobaki lilikuwa Chungu: mbona karatasi ya ukutani ilipanda pale ambapo kitabu kilishuka? Alinawa mikono akilifikiria, akasahau kufunga maji, yeye ambaye maisha yake yote yalikuwa bomba. Aliporudi alilieleza polepole. Cherehani moja ikivuka, kishindo ni kimoja. Kizingiti kikiwa kifupi, cherehani nyingi zinavuka kwa pamoja. Kila moja inatua kwa kishindo kilekile cha siku zote, ila sasa vinafuatana bila nafasi, na chumba kinatikisika. Karatasi ya Chungu huandika vishindo. Kitabu kimeandika nyumba.

Binti alifikiri, akasema ndivyo, ila kwenye usaili asitaje cherehani.

Furaha ya Baridi ilidumu mpaka alipokumbuka kalamu ya shemeji ikisahihisha ukurasa. Akakaa kwenye kiti, akawa anatafuta sababu ya kutofanya lolote, na sababu zilikuwa nyingi na nzuri. Shemeji alikuwa mtu mzima. Alikuwa na kurasa zilezile na macho mawili. Hakuna aliyemlazimisha kuamini mambo ya wakati wa chai. Na kama angeingia kwa Madamu na kusema kitabu kimekosea, basi suala la nani amwite nani bosi lingekuwa limekwisha.

Mkewe alikuwa ameketi kwenye mashine akiijaribu kwa kipande cha kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Umemwambia ndugu yangu?"

"Bado."

"Chakula kiko tayari. Lakini unaweza kupita kwake kwanza."

Alimkuta shemeji kibarazani akipiga rangi viatu vya usaili. Alimweleza yote: kizingiti, uani, sakafu, vishindo. Alieleza vizuri, pengine vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote, na kadiri alivyoendelea ndivyo tabasamu la shemeji lilivyozidi kutanuka.

"Shemeji," alisema alipomaliza, "wiki nzima kitabu kilikuwa kinaumwa. Leo, usaili keshokutwa, kimepona?"

"Kilikuwa kizima. Mgonjwa nilikuwa mimi."

"Pole sana. Lakini dawa yako mimi sinywi."

"Nakwambia ukweli."

"Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeniamini?"

Baridi alilipima swali hilo kwa haki, kwa sababu lilistahili.

"Hapana," alisema.

"Basi tumeelewana," alisema shemeji, na akarudi kwenye viatu.

Jumatatu shemeji alitangulia kuingia. Alitoka akiwa amenyoosha mabega, akamnong'oneza Baridi mlangoni kwamba alimwonyesha Madamu hata kosa la kitabu, na Madamu aliliandika. Baridi aliingia.

Ofisi ya mkemia ilikuwa ndogo, imejaa chupa za sampuli za gundi zilizopangwa dirishani kuanzia nyeupe mpaka rangi ya chai. Madamu alimpa kalamu na karatasi tupu, akamwambia achore. Baridi akachora vilima viwili, vikianzia pamoja na kuishia pamoja. Aliulizwa mstari wa chini ni nini, akasema ni safari, si saa. Aliulizwa kama kichocheo huongeza joto linalotoka, akasema hapana, linatoka lilelile ila kwa haraka. Alikuwa karibu kutaja cherehani, akajizuia kwa shida.

Madamu akaegemea kiti.

"Mwenzako amesema kitabu kimekosea. Na amesema wewe ndiye uliyemfundisha."

"Ni kweli. Nilimfundisha."

"Umejua lini kwamba si hivyo?"

"Jumamosi."

"Ukamwacha aje hapa hivyo?"

"Nilikwenda nikamwambia. Hakuniamini."

"Kwa nini?"

"Ningekuwa yeye, nami nisingejiamini."

Madamu aliandika kitu kirefu. Baridi alijitahidi kutokisoma kichwa chini miguu juu, akashindwa, akaona hata hivyo kwamba mwandiko wa mkemia hausomeki kwa upande wowote. Kisha mkemia akauliza ni wangapi mle chumbani wanaouona mchoro huu kama karatasi ya Chungu.

"Wote," alisema Baridi. "Niliwafundisha mimi."

Swali lililofuata lilichelewa kuja, na lilipokuja halikuwa swali. Madamu alisema kwamba cheo ni chake. Alisema pia kwamba kila Ijumaa mchana, mpaka atakapotosheka yeye Madamu, msimamizi mpya atakusanya chumba kizima na kuwafundisha upya kile alichowafundisha vibaya. Hakusema kama hilo lilikuwa sharti, adhabu au pongezi, na Baridi hakuona kama ni mahali pake kuuliza.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Mkewe alimpongeza, akapeleka chakula kwa ndugu yake, akarudi na kusema ndugu yake amekula. Zaidi ya hapo hakutoa taarifa. Kwa siku zilizofuata wanaume hao walisalimiana kazini kama watu wanaokaribia kukutana kwenye ukumbi wa mahakama.

Ijumaa ubao ulitundikwa karibu na Chungu na mabenchi yakasogezwa. Shemeji alikuja mapema, akakaa benchi la mbele kabisa, katikati, akakunja mikono. Baridi alieleza mhimili wa chini, akaeleza mhimili wa pembeni, na kabla hajachora chochote mkono wa shemeji ukainuka.

"Bosi," alisema shemeji.

Neno hilo Baridi alikuwa amelisubiri tangu Jumatatu, na sasa alipolisikia hakujua aliweke wapi.

"Nina swali dogo tu. Mara hii umehakikisha, au tusubiri wiki ijayo kibadilike?"

Chumba kilicheka, na kilichukua muda wake. Baridi alingoja wamalize. Kisha akanyoosha mkono wenye chaki.

"Njoo uchore wewe."

Shemeji alisimama, akafuta mikono kwenye suruali kama fundi, akachora. Kilima kirefu. Kilima kifupi ndani yake, chenye kichocheo. Mwanzo mmoja. Mwisho mmoja, chini ya mwanzo. Kwenye mstari wa chini hakuandika saa.

"Nani kakuonyesha?" aliuliza Baridi.

"Mpwa wangu. Nilimwita nyumbani jana." Shemeji alirudisha chaki. "Yeye naweza kumwamini. Hataki cheo."

Baridi aliutazama mchoro kwa makini, akautafutia kosa, akalikosa. Akamwambia akae. Shemeji alifikiri kidogo, kisha akakaa.