Jiwe la Bibi Lililobaki Mahameni

Mtoto wa kaka yangu analima vitunguu ng'ambo ya Kinampanda, na wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa anasafisha shamba jipya pale palipokuwa na nyumba ya bibi yangu zamani, na trekta limegota kwenye jiwe. "Shangazi, shikamoo. Hili jiwe limebonyea katikati kama sahani. Tulivunje au tulitupe?" Nikamwambia asiliguse, nakuja mwenyewe. Nilikwenda na uchovu wangu wote, maana kwa umri huu huwezi kwenda mahali ukauacha nyumbani.

Lilikuwa lenyewe. Kama umekulia na mashine ya kusaga, huenda hulijui jiwe la namna hiyo, basi ngoja nikueleze. Ni jiwe bapa, zito, linalazwa likiinama kidogo kwa mbele, na juu yake unapitisha jiwe dogo ambalo sisi tuliliita mtoto. Unapiga magoti, unaweka uwele konzi moja, unasukuma na kurudisha, unasukuma na kurudisha, unga unaangukia kwenye ungo. Bibi alilifanya hilo kila alfajiri ndani ya tembe letu lenye paa la udongo, ndama wamefungwa upande mmoja na sisi watoto tumelala upande mwingine. Harufu ya unga wa uwele uliopata moto wa jiwe ikichanganyika na moshi na mkojo wa ndama, kwangu mimi ndiyo harufu ya asubuhi, na sijaipata tena popote.

Bibi alisali akisaga. Hakufumba macho wala hakupandisha sauti. Alimweleza Mungu kwa Kinyiramba habari za kuku waliochukuliwa na kicheche, habari za mjomba na pombe yake, habari za mvua iliyochelewa, kisha ananyamaza na linabaki jiwe tu. Wakati huo hukuruhusiwa kumsemesha, kwa sababu alikuwa anasikiliza. Mimi niliamini kabisa kwamba Mungu anakaa chini ya lile jiwe. Siku moja nikaenda kutega sikio juu yake, bibi akanifukuza kwa kofi jepesi lililoniacha na unga shavuni. "Hayumo humo," akasema. "Mikono ikipata kazi ndipo kichwa kinanyamaza."

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Tuliambiwa tuhame makwetu tukakae pamoja kando ya barabara kubwa, nyumba kwa mstari, shule karibu, zahanati karibu, shamba la wote. Wengine walifurahi na wengine walikasirika, lakini bibi hakufanya lolote kati ya hayo. Nyuma ya nyumba yetu walilala babu na watoto wake wawili, na kila mtu alijua hatawaacha kwa hiari. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kumhimiza, alimjibu kwamba hajaambiwa.

"Si serikali imeshakuambia, mama?"

"Hiyo nimeisikia. Namsubiri mwingine."

Balozi alicheka, lakini alipoondoka alimwita mama yangu pembeni akamwambia hali halisi. Atakayebaki, paa lake litashushwa. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikaa roho juu. Mama alifunga vyungu asubuhi, akavifungua jioni ili tupike. Mimi nilijua kwamba bibi akibaki, nitaachwa naye nimchotee maji, na nilimpenda sana bibi lakini nililia kwa siri, kwa sababu wenzangu wote walikuwa wanaondoka.

Watu walikuja kumsaidia asikie. Mwinjilisti wetu, mtu mwema aliyetembea kwa miguu hadi Kiomboi kwa ajili ya wagonjwa, alimwambia ameomba na Bwana amemwonyesha kwamba hii ni safari kama ya wana wa Israeli. Mzee mmoja wa jirani naye alikuja na neno lake, kwamba Bwana amemkataza kutoka. Bibi aliwakaribisha wote wawili togwa. Walipokwisha kwenda alimwambia mama kwamba mwinjilisti tangu zamani alitaka kanisa liwe barabarani, na mzee tangu zamani alitaka malisho yabaki yake peke yake. Alisema hivyo bila kuwasema vibaya. Akaongeza kwamba hata yeye hajiamini, kwani kila akiuliza anasikia "kaa," kwa sauti tamu sana, na sauti hiyo inafanana mno na ya kwake.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama kijana mwenye mimba kubwa, ambaye mumewe alikwenda kukata mkonge Tanga na habari zake hazikuwa zikifika. Asubuhi ya kuhama kwake alikuja kuomba moto. Bibi alikuwa anasaga. Yule mama akaokota kaa la moto kwa kigae, akasimama nalo mlangoni badala ya kuondoka.

"Mama, huko nani atanishika?"

Bibi ndiye aliyekuwa mkunga wa pale kwetu. Alimjibu bila kuinua kichwa kwamba huko kuna watu wengi, hatakosa. Yule mama akasema haya, akaenda zake. Jiwe likaendelea kidogo, likawa zito, kisha likasimama. Nilichungulia kutoka kwenye ngozi niliyolalia. Uwele ulikuwa bado juu ya jiwe, na bibi amebaki magotini, mikono mitupu. Alikaa hivyo hadi moto ukaanza kufifia. Kisha akamwambia mama yangu kwa Kinyiramba afunge vyombo.

Usifikiri aliinuka akiimba. Alikunja mkeka wake huku analia waziwazi kama mtoto, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka lori likapiga honi. Kijana wa lori akakataa jiwe. "Bibi, hili litavunja chesesi. Huko mnakokwenda kuna mashine." Kwa hiyo alipanda na jiwe dogo mapajani, lile kubwa akaliacha pale alipomwacha babu.

Mtoto wa jirani alizaliwa kabla mvua haijaanza. Alitanguliza miguu. Zahanati ilikuwa bado kuta bila mganga, na kama si mikono ya bibi tungezika wawili. Natamani simulizi iishie hapo, maana hapo ndipo inapopendeza, lakini wewe na mimi ni watu wazima. Maisha ya kijiji kipya yalikuwa magumu. Maji yalikuwa mbali kuliko kwetu. Mashine ya kusaga ilikuja kweli, ikawa na foleni ya madebe na kelele za kuziba masikio, na siku mafuta yakikosekana tulipika uwele mzima. Bibi alizeeka ghafla. Asubuhi aliketi kizingitini, jiwe dogo limeegemezwa mlangoni kuzuia kuku, mikono yake haijui iende wapi.

Siku moja nikamuuliza Mungu anasemaje siku hizi.

"Tangu tuje huku sijasikia kitu," akasema.

"Sasa unafanyaje, bibi?"

"Nafanya lile la mwisho nililoambiwa."

Akainuka kwa taabu, akishika goti, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa analia na mama yake yuko shamba la kijiji.

Sililii jiwe lenyewe. Lilikula magoti ya wanawake wengi, na mashine iache ipige kelele zake. Ninacholilia ni ile saa. Siku hizi Mungu amepata wasemaji wengi, wana vipaza sauti, na mmoja alinitumia ujumbe wa simu kwamba Bwana amemwambia nipumzike. Watoto wangu wanasema hivyo hivyo. Baba yao alipata kiharusi, ni miaka sasa amelala, hanitambui, na wao wanataka nimwachie ndugu nihamie kwao Dodoma. Wananionea huruma na wana haki. Nimechoka, msomaji wangu, nimechoka hadi kwenye mifupa. Nimeomba nijibiwe, na ninachosikia ni sauti tamu inayosema "nenda," nayo inafanana mno na ya kwangu. Zaidi ya hiyo sijasikia chochote tangu siku ile nilipomtoa hospitali, nilipomshika mkono kwenye gari nikajua, bila mtu kunisemesha, kwamba huyu nimekabidhiwa.

Mtoto wa kaka amekubali kulima kulizunguka lile jiwe, ingawa niliona limemharibia mistari yake. Kwenye makaburi nyuma yake hakuna hata alama. Nilipiga magoti nikapitisha kiganja kwenye lile bonde, lilikuwa na maji ya mvua na majani makavu, na sikusikia kitu.

Nilirudi na basi la mchana. Msichana niliyemwachia kazi alikuwa amesinzia kitini. Mume wangu ameelekea ukutani, vile vile nilivyomwacha asubuhi. Nilinawa mikono, nikamgeuza.