Sufuria Lililokataa Bati

Nikisikia harufu ya ukwaju juu ya shaba, jamani, narudi Tabora enzi za Mwingereza, uani kwa bibi yangu Nyamizi. Alikuwa na sufuria kubwa la shaba la kupikia pilau. Ndani hupakwa bati. Bati likiisha, shaba hutoa kutu ya kijani, na chakula kinageuka sumu. Sasa lilikuwa limeisha, na kesho yake dada yangu Mwajuma anaolewa. Wageni wako njiani kwa treni kutoka Goweko. Treni yenyewe ile, mbuzi akilala relini inamsubiri, lakini hayo tuyaache.

Akaitwa fundi Salumu, mtia bati. Sufuria husuguliwa kwanza, tena kwa miguu. Akamwaga mchanga na ukwaju, nikaingia sufuriani, nikashika nguzo ya baraza, nikajinyonganyonga mpaka shaba ikawaka. Raha iliyoje!

Fundi alipokwenda kuchochea mkaa, bibi akaliinamia sufuria, akalipaka mafuta ya ufuta taratibu, kama anavyopakwa bi harusi. Kwetu chombo cha harusi hakitoki kikavu.

Fundi akalitia motoni, akanyunyiza unga wake wa kushikishia bati, wenye moshi mkali, akayeyusha bati humo, akalipangusa kwa pamba. Wapi! Likakimbiakimbia kama maji juu ya jani la gimbi.

"Nani katia mafuta humu?"

"Mimi," akasema bibi. "Namtilia baraka mjukuu wangu."

"Bati lina wivu, bibi. Linataka shaba peke yake, hata mafuta kidogo haliyataki. Baraka paka kwa nje."

"Hee! Mtoto wa juzi anifundishe kubariki?"

"Shikamoo, bibi. Lakini wageni watatapika."

Ikabidi lisuguliwe upya, na miguu yangu ilikwisha chubuka. Bibi akafyonya, akakaza kanga kiunoni, akaingia sufuriani mwenyewe. Tangu babu afe hakuwa amekanyaga ngomani, hata wakimvuta mkono. Alianza kusugua kwa hasira, kisha kiuno kikalegea, akaimba Kinyamwezi chinichini. Wanawake wakaacha kuchambua mchele, wakapiga vigelegele, naye wala hakutoka upesi.

Safari hii bati lilishika, likatanda jeupe kama maziwa. Pilau lililiwa, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Mimi nilidhani bibi anasugua sufuria. Nimekuwa bibi mwenyewe ndipo nikajua: alikuwa anaicheza harusi ya mjukuu wake, ila mpaka hapo alikuwa amekosa pa kuanzia.