Sahani ya Matumbo Kabla ya Adhana

Kazi yangu ni kuosha matumbo. Ng'ombe akichinjwa asubuhi, sisi wanawake tunaokaa nyuma ya machinjio huletewa tumbo lake likiwa bado na joto. Unapasua, unamwaga majani yaliyosagika ambayo hayajawa mavi lakini hayako mbali, unasuuza, unamwagia maji yanayochemka, kisha unakwangua ngozi nyeusi kwa kisu mpaka nyama ibaki nyeupe. Sehemu moja tunaiita taulo. Nyingine ina kurasa kurasa, tunaiita kitabu, na hiyo ndiyo inayochosha, kwa sababu kila ukurasa una uchafu wake na lazima uufunue. Ndege wale wakubwa wenye vipara husimama ukutani wakitungoja. Inzi hawangoji.

Watu waliniambia nitazoea harufu. Sikuizoea. Niliamua tu kwamba kutozoea si sababu ya kutofanya.

Nilikuwa kidato cha pili mama alipomfuata baba kaburini. Nyuma yangu kulikuwa na ndugu yangu wa kiume, ambaye leo anaendesha bodaboda, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nilikunja sare yangu, nikampa jirani aliyekuwa na binti wa kimo changu, nikaenda machinjio. Nilijiambia jambo moja: huyu wa mwisho atasoma mpaka pale masomo yanapoishia.

Mama alituachia nyumba ya mabati hapa mtaani Chechelesi, rozari, na namna yake ya kufunga Kwaresima. Kanisa halikudai mengi kama aliyojidai mwenyewe. Alifunga kila siku isipokuwa Jumapili. Maji alikunywa, chakula hakugusa mpaka jioni. Hatukuwa na saa, kwa hiyo alingoja adhana ya magharibi kutoka msikiti ulio nyuma ya nyumba yetu. Mwadhini akianza, mama anafanya ishara ya msalaba, anamega ugali. Nilikua nikidhani Wakristo wote duniani hufungua hivyo.

Alinifundisha pia kwamba chakula ni nusu tu ya kufunga. Nusu nyingine ni maneno. Siku ya kufunga hulalamiki, humrudishii mtu tusi, hujitetei. "Mdomo ndio mlango," alikuwa akisema. "Ukiweza kuufunga huo, mikono na miguu itakutii." Nimefunga hivyo tangu alipokufa. Si kwa sababu mimi ni mtakatifu. Asiye na mzazi wa kumkemea lazima ajikemee, na mimi nilikuwa na watoto wawili wa kulea na hasira za kutosha kuichoma nyumba.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikuja pamoja.

Mwenye bucha ninayemwoshea ni mama wa Kisomali, mjukuu wa askari waliopewa makao hapa zamani. Kwenye Ramadhani kazi huwa nyingi, kwa sababu kila nyumba inataka nyama mapema ili futari iive kwa wakati. Siku moja asubuhi, mfanyakazi mwenzangu aliponiletea chai nikaikataa, mwenye bucha aliniona.

"Abaayo," aliniita, ndivyo anavyomwita dada yeyote, ingawa mimi angeweza kunizaa. "Mbona hunywi chai?"

"Nimefunga, mama."

"Umefunga nini? Wewe si wetu."

"Ni Kwaresima. Sisi pia tunafunga."

"Na maji?"

"Maji nakunywa."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Haya, basi umefunga nusu. Mungu atakupa nusu ya pepo. Upande wa jikoni."

Tangu siku hiyo, adhana ya magharibi ikilia nikiwa bado kazini, alinitilia tende mkononi kabla hajala zake.

Kuna jambo la aibu kuhusu njaa ambalo wanaohubiri kufunga hawalisemi. Siku za mwanzo harufu ya matumbo ilinichefua zaidi, nikashukuru, kwa sababu haikuniachia hamu ya kula. Baadaye mwili ulinigeuka. Niliinama juu ya beseni, mvuke ukanipanda usoni, ule ule wa majani yaliyooza na damu, na mate yakanijaa mdomoni. Nilitamani kitu kile kikiwa bado kichafu. Nilitema chini, nikajichukia, nikatema tena. Nilimwona mwanadamu jinsi alivyo: kifuko kinachotaka kujazwa, hakijali kwa nini.

Jioni moja mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo, wale tunaosali nao nyumba kwa nyumba, alikuja kununua matumbo. Adhana ilikuwa inaendelea. Ishara ya msalaba nilikuwa nimeshafanya kabla hajafika, hakuiona. Alichoona ni mimi na mwenye bucha tumeketi ubao mmoja, tende mdomoni.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa kwenye foleni ya maji.

"Salaam aleikum, dada!" aliniita mmoja wa wanawake wa jumuiya kutoka mbele. Wenzake wakacheka.

"Muulize kama ameshapewa jina jipya."

"Buibui itanunuliwa na nani? Ama itakatwa kwa mshahara wa utumbo?"

Walikuwa wametoka kula mandazi, mafuta bado yanang'aa kwenye midomo yao. Niliitazama ile midomo ikifunguka na kufumba, nikahisi kichefuchefu ambacho beseni langu halijawahi kunipa. Jibu nilikuwa nalo, kali na refu. Lakini nilikuwa nimefunga maneno. Nilijaza mtungi nikaondoka, na wao wakaona kunyamaza kwangu ni kukiri.

Habari ilimfikia baba mdogo.

Baba mdogo anachunga mbuzi upande wa Kipsing. Mama alipokufa alikuja, akala siku zote za matanga, akaondoka na godoro la marehemu. Hakurudi kutuuliza tunakula nini. Sasa alirudi. Aliingia na tumbaku shavuni, akaketi kwenye kiti cha mama, akatema mate ya kahawia kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki.

"Nasikia umesilimu."

"Hapana, baba mdogo."

"Mji mzima ni waongo, wewe ndiye mkweli?"

"Sijasilimu. Ni Kwaresima."

"Kwaresima ya adhana!" Akamgeukia mdogo wangu aliyesimama mlangoni, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kama mtu anavyotazama mbuzi mnadani. "Mtoto wa ndugu yangu hatalelewa na Mwislamu. Nikirudi, narudi naye. Huku anajifunza uvivu. Kule kuna kazi."

Mtu huyu mara ya mwisho kuingia kanisani alikuwa amebebwa. Binti zake wawili walitolewa shuleni wakaozwa kabla hawajajua kujisuka nywele. Nilijua hakujali mtoto anasali wapi. Alihitaji sababu ya kusema mbele ya watu, na majirani zangu wa kanisani walikuwa wamempa sababu hiyo ikiwa imepikwa na kupakuliwa.

Mdogo wangu alianza kulala na sare ya shule. Nilimwambia itajikunja. Akasema, "Hawezi kunichukua nikiwa nimevaa hii." Sikumwambia avue.

Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu ilikuwa Alhamisi ile. Nilifikiria kuiahirisha, nikaona nikifanya hivyo watasema nimekimbia msalaba. Mwenyeji hulisha wageni, kwa hiyo nilipika nilichonacho: matumbo kwa nyanya na vitunguu, na chapati. Walikuja alasiri, wakasali, wakaimba, wakala. Ndugu yangu alisimamisha pikipiki nje, akaingia, akajazia sahani yake. Baba mdogo alikula sahani mbili. Mafuta yalimshuka kidevuni na hakuyafuta. Alitafuna mdomo wazi, nami nililiona tumbo nililoliosha kwa mikono yangu likizunguka pamoja na mabaki ya tumbaku kwenye meno yake.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mzito mwenye sauti ya upole, aliona sikuwa na sahani.

"Binti yangu, tumesikia maneno. Sisi hatutaki maneno. Kula na sisi tu, yaishe."

"Nimefunga, mama. Nitakula jioni."

"Jioni saa ngapi?"

Nilianza kukusanya sahani tupu.

"Adhana ikilia," alidakia baba mdogo. "Semeni wenyewe. Si mmesikia?"

"Kwa nini ungoje adhana?" mwenyekiti aliuliza. "Wewe ni Mkristo."

"Mama yangu aliingoja. Hatukuwa na saa."

"Siku hizi saa ziko kwa simu," alisema yule wa foleni ya maji.

Mwenyekiti alipakua chakula, akaniwekea sahani magotini. Matumbo yalikuwa yameshapoa, mafuta yameganda juu kama nta. "Kula sasa, mbele yetu. Ukila, mimi mwenyewe nitasimama nawe."

"Na asipokula," alisema baba mdogo, "mmekuwa mashahidi. Mtoto anaenda na mimi."

"Siste, kula tu," ndugu yangu alininong'oneza. "Hii ni nyama, si sumu. Utafunga kesho, siku bado ni mob, hazijaisha."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono miwili imeshika ukingo wa sketi.

Ningependa kusema nilifikiria Mungu kwanza. Nilifikiria nafsi yangu kwanza. Niliona jinsi nilivyokuwa nimeipenda hali ya kuwa mtu asiyekula katikati ya watu wanaokula. Wiki zote zile nilikuwa nikiitazama midomo yao nikijiona msafi. Kukataa sahani ile kulikuwa rahisi kwangu. Njaa ilikuwa imeshakufa. Ningekaa wima kwenye kiti, nikawaaibisha kwa ukimya wangu, na mtoto angepanda lori la Kipsing. Kwa hiyo nikajiuliza swali ambalo mama angeniuliza: mdomo huu unamtii nani?

Nikafanya ishara ya msalaba, taratibu, wote wakiona. Nikala.

Mafuta yalinigandia kwenye ufizi. Kipande cha kitabu kilikuwa kigumu, nikahisi kurasa zake kwenye ulimi, nikakumbuka kila kitu nilichokitoa ndani yake asubuhi ile. Nilikilazimisha kikashuka. Walinitazama ninavyotafuna, mmoja akatikisa kichwa kwa kuridhika kama anayemwona mtoto anakunywa dawa, na nikawachukia kwa moyo wote huku nikimeza. Nilimaliza sahani. Nilipangusa mchuzi kwa chapati ili asije mtu akasema nilibakisha.

Mwenyekiti alifanya alivyoahidi. Alisimama. "Mzee," alimwambia baba mdogo, "maneno yameisha. Wote tumeona. Mtoto anabaki shuleni, na ukiwa na neno jingine utalileta kwangu, usilete kwa hawa yatima."

Baba mdogo alitafuta uso wa kumuunga mkono. Hakuupata. Akatema sakafuni.

Bado kulikuwa na sala ya kufunga mkutano, na ilikuwa ndefu. Tumbo langu lilikuwa tupu tangu alfajiri, na sasa lilikuwa limejaa mafuta baridi. Jasho lilinitoka, mate membamba yakanijaa, yale yanayotangulia matapishi. Wakaombea wagonjwa, mvua, wasafiri. Nilibana meno. Kama yangetoka mbele yao, wangesema mwili wa Mwislamu umekataa. Nilisali sala moja tu: Bwana, mpaka watoke. Wakaombea viongozi wa nchi. Wakaimba. Nikaimba nao, mdomo nusu wazi. Niliwasindikiza hadi langoni, nikawapa mkono mmoja mmoja, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapiga magoti, nikatapika kila kitu.

Mdogo wangu alinifuata na beseni, amechelewa. Alilishika hivyo hivyo.

"Sasa hiyo inahesabika umekula?" aliuliza.

"Inahesabika."

Adhana ilianza tukiwa bado pale. Nilisukutua, nikafanya ishara ya msalaba, nikanywa maji.

Baba mdogo aliondoka asubuhi na matumbo yaliyobaki, kwenye mfuko wa plastiki. Hakuaga. Mdogo wangu alienda shule na sare iliyojikunja. Nilisugua sakafu mpaka alama ya tumbaku ikatoka, kisha nikaenda kazini, na sikula mpaka jioni.

Wanaofundisha msamaha hulisema neno hilo kama maji ya kunywa. Mimi niliufanya kama ninavyofanya kazi yangu, pua nimeibana: maji ya kwanza, ya pili, ya moto, kisu. Siku nyingi harufu ilikuwa bado ipo.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alikuja buchani jioni kununua matumbo. Nilipokuwa nikikata, adhana ililia. Mwenye bucha akanipa tende yangu. Nilimtazama mwenyekiti, naye akaushusha mfuko wake chini.

"Fungua tu, binti yangu," alisema. "Nitangoja."

Alisimama kati ya inzi, nami nikafanya ishara ya msalaba, nikala tende, nikanywa maji. Kisha nikampimia. Wateja wa jumuiya nimezoea kuwaongezea kipande juu ya kipimo. Alikitazama kisu changu, akingoja.

Sikumwongezea. Niliufunga mfuko nikampa.

Pasaka ilipofika, nilimwongezea.