Ushuhuda wa Jumapili ya Kufunga

Kila nikikata kabeji, harufu ya majani yake hunirudisha kwenye chumba chetu cha Kaloleni, ambako dada yangu aliyabandika kifuani ili maziwa yakauke. Mtoto wake hakuwa amekufa. Kiongozi wa kanisa letu alikuwa amemwambia Mama kwamba mtoto anastahili baba na mama waliooana, na kwamba msichana anayempenda mwanawe humtoa alelewe na wengine. Mama akakubali. Dada alilia tu.

Mwezi uliofuata, mke wa kiongozi aliingia kanisani amembeba mtoto.

"Mungu ametukumbuka," aliwaambia akina mama.

Dada alikuwa ameketi kando yangu, blauzi imelowa maziwa.

Ilikuwa Jumapili ya kufunga na kuomba, siku ambayo yeyote, hata mtoto, huruhusiwa kwenda mbele kutoa ushuhuda. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaenda, nikavuta maikrofoni.

"Najua kanisa hili ni la kweli," nilianza, kama tulivyofundishwa. Watu wakatabasamu. "Na najua yule ni mtoto wa dada yangu."

Mama alinifikia, akanibana mkono. "Wewe, omba msamaha sasa hivi."

"Ana alama nyeusi kwenye wayo wa kushoto," nikasema. "Mvueni soksi muone."

Hakuna aliyesogea, ila mke wa kiongozi. Aliufumbata ule mguu wa kushoto kwa kiganja kizima, na kanisa lote likamwona. Kisha mwanamke huyo akaanza kulia, nami nikamkazia macho, nikiomba asinyamaze.