Maziko ya Bunduki ya Akida

Jamani, leo hapa Mofu tumezika bunduki.

Mnamjua akida wetu, yule aliyewekwa na Wajerumani atuchape viboko kwenye pamba yao. Tangu watu waanze kunywa maji ya dawa ya kumpiga vita Mjerumani, usingizi hana. Asubuhi kakimbia, kashika njia ya boma la Mahenge.

Sasa bunduki yake aifiche wapi tusimnyang'anye? Sanduku, tutalifungua. Gunia, tutalipapasa.

Mwenye akili zake akaivika sanda, akaiviringisha kwenye mkeka, akaibeba begani kama maiti!

Tukakutana naye njiani.

"Shikamoo, bwana akida. Pole na msiba. Nani huyo?"

"Mjomba wangu."

Mjomba mwembamba kama mpini wa jembe. Na mtutu umechungulia miguuni, wote tumeuona.

Lakini msiba ni msiba. Hapa mfiwa haachwi abebe maiti peke yake. Tukampokea. Wanaume wakachimba, sisi wanawake tukaangua kilio mpaka ng'ambo ya mto wakasikia.

"Hapana, nampeleka kwetu!"

"Kwa jua hili? Ataharibika, baba."

Angesema nini? Kwamba mjomba ni bunduki?

Tukamfukia mjomba, tukashindilia udongo.

Hapo akida akalia machozi ya kweli. Mwanamume aliyekuwa anacheka tukichapwa!

Nyie mngeweza kuzuia kicheko? Mimi nilijifunika kanga.

Kaburi analijua, arudi afukue basi. Anayefukua kaburi ni mchawi, na mchawi hapa tunamfanya nini, anajua.