Lakabu Mpya ya Zakariya

Siku ya kwanza ya masomo, kilichomtia Zakariya kinyaa si hesabu wala Kiingereza, ni laptopu yenyewe. Vitufe vilikuwa vimeganda mafuta ya viazi karai, baina ya herufi pilipili imekauka, na kioo kimejaa alama za vidole vya watu asiowajua. Jared, mwalimu wake, alikuwa kijana wa Kaloleni aliyesomea magari chuoni. Darasa lake lilikuwa chumba cha ghorofani nyuma ya soko la Marikiti, ambako harufu ya nyanya mbovu hupanda ngazi kabla ya mtu. Zakariya alitoa leso mfukoni akafuta vitufe, akaitazama leso, akaitupa.

"Bonyeza tu, mzee. Haiumi," Jared akamwambia huku akitafuna.

Mzee! Mtu wa miaka hamsini na minne, fundi tangu mwalimu huyu hajazaliwa. Lakini mwenye haja ni muungwana, na Zakariya alikuwa na haja. Akabonyeza.

Mji wa Kale kila mtu ana lakabu yake. Haiombwi wala haikataliwi. Baraza likishakupa, umepewa, na jina la kwenye kitambulisho hubaki la polisi na la benki. Yuko aitwaye Bata kwa mwendo wake, na yuko Ukoko, na sababu yake haisemeki mbele za watu. Zakariya alikuwa Fundi Kimya. Kwa miaka thelathini, katika gereji yake ya Kibokoni, alitengeneza kabureta, kichanganya petroli na hewa, kwa sikio: bisibisi mkononi, macho ameyafumba, akazungusha kidogo na kusikiliza, mpaka injini ikatulia hata ungeweza kuweka finjani ya kahawa juu yake isimwagike. Waliompa lakabu hiyo wengi wameshazikwa, naye aliitunza kuliko alivyolitunza paa la nyumba yake.

Kisha kabureta zikaisha. Magari yote yanayoshuka bandarini sasa yana injekta, na kompyuta ndiyo inayoamua petroli iingie kiasi gani. Wateja wake wakahamia kwingine, mmoja baada ya mmoja, kwa adabu, wakiulizia hali ya watoto. Kama hatajifunza kazi hii mpya, Fundi Kimya atakuwa jina la mtu aliyewahi kuwepo.

"Jedwali hili ndilo roho ya gari," Jared alimfundisha. "Kushuka chini ni mwendo wa injini, kwenda upande ni mzigo ilioubeba. Kila kijumba kina namba, na namba ndiyo kiasi cha petroli kitakachotemwa na injekta."

"Na sikio?"

"Sikio liache nyumbani, mzee. Tazama namba."

Zakariya nusura ateme mate. Kutengeneza injini kwa macho ni kama kuonja pilau kwa kidole cha mguu. Hata hivyo alirudi kila Jumanne na kila Alhamisi, akiwa na kitambaa chake mwenyewe na chupa ya spiriti ya kusafishia vitufe. Mwezi wa tatu wa masomo, wakiwa uani na gari linanguruma, akainua kidole: "Hapo. Yachechemea." Namba zilikuwa bado hazijaonyesha kitu. Zilipoonyesha, Zakariya alikuwa ameshapunguza namba za vijumba vitatu, na injini ikatulia. Jared akaacha kutafuna. Tangu siku hiyo alimwita fundi, na Zakariya, ingawa hakumwambia mtu, alianza kuipenda kazi. Aligundua kwamba jedwali ni bisibisi tu, ila lina ncha mia mbili.

Akanunua laptopu yake, safi, akaivisha mfuko wa kitambaa alioshona mkewe Afaf. Akakaa gerejini kungoja.

Aliyekuja kwanza ni Bassam, mtoto wa dadake, kijana wa Kizingo mwenye manukato mengi na gari jeupe lililoinamishwa mpaka likakaribia kufagia njia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Lina nini?"

"Halina kitu. Nataka lipige kelele. Nikiondoa mguu kwenye kanyagio, lipasue pa-pa-pa, liteme moto nyuma."

Zakariya alijua jinsi ya kufanya, na kwa kuwa alijua ndiyo maana ikamkera. Mguu ukitoka, kompyuta hukata petroli. Ukiiambia isikate, na cheche ukaichelewesha, petroli hutoka mbichi ikalipukie kwenye ekzosi, bomba la moshi. Ni kuiharibu injini kwa makusudi. Ni kumfundisha mtu mzima kubeua mezani.

"Hilo silifanyi. Kamtafute mwengine."

"Basi ni kweli wasemayo," Bassam akasema, akikuna kidevu. "Wasema laptopu imekushinda, mjomba. Wasema waibonyeza kama mtu auaye chawa."

Hapo ndipo shetani alipomshika mkono. Zakariya angeweza kucheka. Mpwa ana haki ya utani kwa mjomba wake, na utani hujibiwa kwa utani. Badala yake aliingia garini, akachomeka waya wa laptopu chini ya usukani, na kwa saa mbili akafanya uchafu ule kwa ustadi wote aliokuwa nao, kijumba kwa kijumba, bila kosa hata moja. Alipomaliza alinawa mikono mara mbili.

Bassam hakufika mbali. Kwenye kona, mbele ya duka la halua la Shamsudin, aliondoa mguu. Pa! Pa! Prrr-pa! Moto wa samawati ukatoka nyuma, paka wakapanda kuta, na Shamsudin, mtu mzito asiyeruka kwa urahisi, aliruka na sahani ikamtoka mkononi.

"Subhanallah! Gari hili lajamba!" alipiga ukelele. "N'nani fundi wake?"

Bassam akatoa kichwa dirishani kwa fahari. "Mjomba wangu, Zakariya!"

Baraza zima pale dukani likaangua kicheko. Kabla ya magharibi, Fundi Kimya alikuwa amekufa na mahali pake amekaa Fundi Mashuzi.

Zakariya alimwita Bassam alirudishe gari, ili yeye alitengeneze upya. Bassam akasema mjomba hanyang'anyi alichompa mpwa. Vijana wengine wakaja, kutoka Kizingo na hata ng'ambo ya daraja, wote wakitaka mashuzi kama yale. Akawafukuza. Waliondoka wakimsifu, na sifa zile zilimnuka. Kwa miaka thelathini ya kunyamazisha injini, baraza lilimpa neno moja la adabu. Saa mbili za uchafu zilimpa umaarufu wa kisiwa kizima.

Wiki ya nne baada ya kicheko kile, mchana, kigari cha kubebea watoto wa shule kilisimama mlangoni, kikazimika, kikawashwa, kikazimika tena. Akashuka mwanamke aliyechoka, akajitaja kuwa Trizah, dereva kutoka Tudor.

"Habari za mchana, baba. Kinazima kila nikipunguza mwendo, na watoto wamo ndani. Mafundi watatu wamekishindwa. Nimeambiwa hapa yuko mmoja, nisimpe mwingine." Akatazama chini. "Nimeuliza njia nzima. Jina lake... naona haya kulitamka mbele ya mtu mzima."

Zakariya aliingiza mkono dirishani, akaiwasha injini tena, akaisikiliza. Petroli ilizidi juu kabisa ya jedwali, kwenye mwendo mdogo, safu mbili za mwanzo, basi. Ndiyo kazi aliyopandia ngazi zile za nyanya mbovu. Pale konani, upande wa pili wa njia, Shamsudin alikuwa ameacha kupima halua.

"Hayuko?" Trizah akauliza. Akashika mlango wa gari. "Basi nitarudi siku akiwepo."

Kinywa cha Zakariya kilijaa ladha ya petroli iliyonyonywa kwa mpira. Angetema, akalikana lile jina, angekuwa na heshima yake na gereji tupu.

"Yuko," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka dukani. "Ndimi Fundi Mashuzi. Fungua boneti."